Je, oleanda ya manjano ni salama kwa mbwa wa nyumbani?

Mbwa wa Abuku halali ndani ya nyumba. Katika kata hii ya wilaya ya Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kazi yake iko nje: kulinda boma usiku, kufukuza nyani na ngedere shambani, kumfuata bwana wake anapokwenda kuwinda ndezi. Mchana hujinyoosha penye kivuli, na huenda kivuli hicho kikawa cha mti mfupi wenye majani membamba yanayometameta na maua ya manjano mfano wa kengele. Wataalamu wa mimea huuita Cascabela thevetia. Vitabu vya zamani kidogo huuita Thevetia peruviana. Kwa lugha nyepesi ni oleanda ya manjano.

Kwa anayetaka kujua kama mti huo ni salama kwa mbwa, jibu ni kwamba si salama. Kila sehemu yake, kuanzia mzizi hadi ua, ina utomvu mweupe wenye sumu inayoshambulia moyo, na sumu hiyo imekolea zaidi katika mbegu iliyomo ndani ya kokwa. Shirika la Marekani la kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, ASPCA, limeuweka katika orodha yake ya mimea yenye sumu kwa mbwa. Hata hivyo, mbwa wengi huishi miaka mingi kando ya mti huu bila kupatwa na lolote, na hilo ndilo linalowafanya wenye nyumba waamini kwamba hauna madhara. Kinachowaokoa ni uchungu wa utomvu wake. Mbwa mzima akiuma jani, hulitema. Lakini uchungu ni onyo tu, wala si kinga, na wapo wasiolisikia onyo: mtoto wa mbwa anayeota meno na kutafuna kila akionacho, mbwa mwenye njaa, na mbwa aliyefungwa kamba siku nzima penye matunda yaliyoanguka.

Mti usioguswa na mbuzi

Asili ya oleanda ya manjano ni Mexico na Amerika ya Kati. Kutoka huko imesambazwa katika nchi zote za joto kama pambo, na Afrika Mashariki imezoeleka kiasi kwamba wengi huidhani ni mti wa kienyeji. Nchini Uganda hupandwa katika nyua za shule, makanisa, zahanati, ofisi za serikali na nyumba za watu. Huota kwa mbegu bila kubembelezwa, hukua upesi, hukatwa na kunyooshwa upendavyo, na hubaki kijani wakati majani mengine yamekwisha kukauka.

Sifa hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee West Nile. Kuanzia Desemba hadi Machi nyasi za Koboko na Arua hunyauka, nyingine huchomwa moto, na baada ya mavuno mbuzi huachwa wazunguke wakitafuta cha kula. Mche wowote wa pambo hauwezi kuuvuka msimu huo usipozungushiwa miiba. Oleanda huuvuka. Mbuzi huinusa na kupita. Kwa mwenye boma asiye na fedha za waya wa seng'enge, mmea unaochanua mwaka mzima na usioliwa na mifugo ni kama zawadi.

Kiswahili kina neno moja, ua, kwa kitu kinachochanua na kwa uzio wa nyumba, na oleanda ya manjano ni vyote viwili. Shida ni kwamba mbuzi hauachi mti huu kwa adabu. Anauacha kwa sababu una sumu. Kile kinachomfanya mwenye nyumba aupende ndicho kile kile kinachomweka mbwa wake hatarini, na mtu hawezi kukipata kimoja bila kingine.

Jina lenye mbwa ndani yake

Wataalamu wa zamani waliifahamu tabia hii. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden, aliyeweka msingi wa utaratibu wa kuipa mimea majina mawili ya Kilatini, aliuita mti huu Cerbera thevetia. Neno la kwanza linatokana na Cerberus, mbwa mwenye vichwa vitatu ambaye katika hadithi za Wagiriki wa kale hulinda lango la kuzimu. Neno la pili ni kumbukumbu ya André Thevet, mtawa wa Ufaransa aliyesafiri hadi Brazil katika karne ya 16 na kuandika habari za nchi hiyo. Baadaye mti uliondolewa katika kundi la Cerbera, lakini ukoo wake haukumwacha mbwa. Mimea hiyo huwekwa katika familia ya Apocynaceae, jina linalotokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "mbali" na "mbwa". Wagiriki walilitumia kwa mmea uliosemekana kuua mbwa.

Si kila mwana wa familia hiyo ni muuaji, lakini wengi wana utomvu wa kuchunga. Humo mna oleanda ya kawaida yenye maua ya waridi au meupe, ambayo sumu yake ni ya aina moja na hii; mna waridi la jangwani, linalopendwa sana katika vyungu; mna alamanda na franjipani, ambazo madhara yake kwa kawaida ni ya tumbo tu. Na humo mna mti ambao Afrika Mashariki inaufahamu kwa karne nyingi: msunguti, ule ambao wawindaji waliuchemsha ili kupaka mishale yao. Sumu ya miti ya kundi la msunguti huitwa ouabain. Jina hilo wanasayansi walilichukua kwa Wasomali, wanaoiita waabaayo, na mwaka 1888 Mfaransa Léon-Albert Arnaud aliitenga kwa mara ya kwanza katika maabara.

Panya anayewaua mbwa

Uhusiano kati ya sumu hiyo na mbwa una kisa cha kweli katika eneo hili, cha ajabu kuliko hadithi ya Cerberus.

Katika misitu na vichaka vya Kenya, Ethiopia na nchi jirani yuko panya mkubwa mwenye nywele ndefu, anayejulikana kitaalamu kama Lophiomys imhausi. Hana mbio. Akitishwa hasogei, husimamisha nywele zake kama mshungi na kufunua mistari myeupe na myeusi ubavuni, kana kwamba anamwonyesha adui mahali pa kuuma. Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba mbwa aliyemuuma panya huyo alitokwa na povu, akayumba na kuanguka, na kwamba aliyepona hakumsogelea tena. Ilidhaniwa kwamba panya huyo ana sumu mwilini mwake.

Mwaka 2011 Jonathan Kingdon, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Tanganyika na kufundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na wenzake, akiwemo Bernard Agwanda wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha jibu. Panya hutafuna gamba la msunguti, kisha hulipaka pamoja na mate yake kwenye nywele za ubavuni. Nywele hizo zina matundu, nazo hufyonza sumu kama utambi unavyofyonza mafuta. Mbwa anapouma, sumu ya mshale huingia kinywani mwake. Mwaka 2020 utafiti mwingine uliofanywa Kenya ulithibitisha tabia hiyo kwa kuwachunguza panya wengi zaidi.

Kisa hicho kina maana kwa mwenye mbwa wa Abuku hata kama hatamwona panya huyo maisha yake yote. Kinaonyesha kwamba kiasi kidogo cha sumu za aina hii, kikipita mdomoni tu, kinatosha kumwangusha mbwa mzima na mwenye nguvu. Oleanda ya manjano hubeba sumu za kundi hilo hilo, na huzibeba kwenye tunda linaloanguka mlangoni.

Sumu inavyofanya kazi

Kundi hilo huitwa glikosidi za moyo. Katika ukuta wa kila chembe ya msuli wa moyo kuna kitu mfano wa pampu, kinachotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, na ulinganifu huo ndio unaouwezesha moyo kupiga kwa mpangilio. Glikosidi huiziba pampu. Moyo huanza kupiga polepole, kisha huruka mapigo, kisha hupoteza mpango wake kabisa, na unaweza kusimama ghafla.

Dawa ya digoksini, inayotolewa kwa wagonjwa wa moyo, ni ya ukoo huo. Hata madaktari wa mifugo huwapa mbwa wenye moyo dhaifu. Tofauti ni kipimo. Mbegu ya oleanda haina kipimo: moja huweza kuwa na sumu nyingi, nyingine kidogo, na hakuna anayeweza kuwaambia wenye mbwa ni ngapi zisizodhuru. Tunda lenyewe ni la kijani, huwa jeusi likiiva, na ndani yake mna kokwa ngumu yenye pembe. Mbwa akiimeza kokwa nzima huenda ikapita bila kufunguka. Akiipasua kwa magego yake, ni jambo jingine.

Si mbwa peke yake aliye hatarini. Sri Lanka, ambako mti huu ni ua la kawaida kama ulivyo Uganda, hospitali zimewapokea maelfu ya watu waliodhuriwa na mbegu zake tangu miaka ya 1980. Utafiti uliofanywa huko na kuchapishwa mwaka 2000 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya digoksini huweza kuurudishia moyo mapigo yake. Ila bei yake ilikuwa kikwazo hata kwa binadamu, na hakuna sababu ya kutarajia kwamba mbwa wa kijijini Koboko ataipata. Kinachobaki ni kuwahi.

Kichaa, sumu ya wadudu au oleanda?

Hapa ndipo penye uzito kuliko pote. Mbwa aliyekula mbegu hizi hutokwa na mate, hutapika, huharisha, huyumba na kuanguka, na mara nyingine hutetemeka. Katika eneo ambalo kichaa cha mbwa bado kipo, mnyama anayetokwa na mate na kuyumba hapewi nafasi ya kujieleza. Huuawa kwa fimbo. Wengine huchukulia kwamba wezi wamemtupia nyama yenye sumu, na habari huishia hapo. Oleanda huwa haitajwi kabisa, kwa kuwa ni ua, na maua hayashukiwi.

Tofauti zipo, ingawa hakuna hata moja inayotosha peke yake. Kichaa cha mbwa hujijenga kwa siku kadhaa: mbwa mpole huwa mkali, au mkali huwa mpole kupita kawaida, hujificha, sauti hubadilika, taya hulegea na kumeza humshinda. Sumu ya oleanda humkuta mbwa aliyekuwa mzima asubuhi, na kwa kawaida huanza kwa kutapika ndani ya saa chache, kisha udhaifu, miguu baridi, na moyo unaopiga polepole au bila mpangilio. Sumu za kuulia wadudu na kupe nazo huja kwa haraka, lakini pamoja na mate huleta machozi, mkojo usiozuilika, mtetemeko wa misuli na mboni za macho zilizosinyaa.

Mapigo ya moyo huhesabika bila kifaa. Kiganja huwekwa upande wa kushoto wa kifua, nyuma kidogo ya kiwiko cha mguu wa mbele. Mbwa mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 140 kwa dakika, mkubwa akiwa karibu na 60 na mdogo karibu na 140. Mbwa mdogo mwenye mapigo 40, au mbwa yeyote ambaye moyo wake hupiga, husita, kisha hupiga mara mbili kwa pupa, yuko katika hatari kubwa.

Lakini kipimo hicho ni cha mbwa anayejulikana, aliyechanjwa, na aliyeonekana akitafuna tunda au ambaye matapishi yake yana vipande vya kokwa. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na dalili zake zikishaanza kwa binadamu karibu hapana anayepona. Kwa hiyo mbwa anayetokwa na mate bila sababu iliyoonekana hutazamwa kwanza kama mwenye kichaa: watoto hupelekwa mbali, na hakuna mkono unaoingizwa kinywani mwake, hata kwa nia ya kutoa kokwa. Aliyeumwa au aliyeguswa na mate penye jeraha huosha mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha huenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mbwa aliyefungiwa mahali salama na bado yu hai baada ya siku 10 hakuwa akiambukiza kichaa wakati alipouma. Kumuua papo hapo huondoa nafasi ya kulijua hilo.

La kufanya kabla ya kumfikia daktari

Kutoka mji wa Koboko hadi Kampala, ambako kliniki nyingi za wanyama wadogo zimejikusanya, ni zaidi ya kilomita 500. Safari hiyo haina faida kwa mbwa mwenye sumu ya moyo. Msaada wa karibu ni ofisi ya mifugo ya wilaya, au Arua, inayofikika kwa barabara ya lami. Kwa sababu hiyo ni vyema namba ya simu ya afisa wa mifugo iwe imehifadhiwa kabla ya kuhitajika.

Mbwa atulizwe na abebwe. Kumkimbiza au kumtembeza "sumu itoke" huongeza kazi kwa moyo ambao tayari unashindwa. Maziwa hayaui sumu hii. Mafuta ya kupikia huweza kuingia mapafuni mwa mnyama anayetapika. Chumvi nyingi ya kumtapisha ni sumu nyingine juu ya ile ya kwanza. Mkaa unaotumiwa na madaktari kunasa sumu tumboni ni ulioandaliwa kwa kazi hiyo, wala si ule wa jikoni uliopondwa, na mnyama aliyelegea hanyweshwi kitu chochote.

Kinachomsaidia daktari ni tawi lenye jani na tunda, na saa ambayo mbwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Bila hayo, hata mtaalamu mzuri atafikiria kwanza sumu ya wadudu. Jambo la kutia moyo ni kwamba atropini, dawa wanayoifahamu maafisa wa mifugo kutokana na ajali za dawa za kuogeshea ng'ombe, hutumika pia kuinua mapigo ya moyo yaliyopungua kwa sumu ya oleanda. Haiiondoi sumu, lakini huweza kumvusha mbwa saa zile mbaya.

Kukata au kuacha?

Hakuna haja ya kila boma kushika panga leo. Mti ulio mbele ya ofisi, pasipo mbwa wala watoto, unaweza kuachwa uchanue. Katika nyumba yenye mbwa mtu mzima aliyezoea mazingira, kufagia matunda kila siku na kupogoa matawi mara maua yanapokwisha, kabla matunda hayajakomaa, hupunguza sana hatari. Penye watoto wa mbwa, au penye watoto wa binadamu wanaovutiwa na kokwa hizo kama vitu vya kuchezea, mti ni bora uondoke.

Matawi yaliyokatwa yana hatari yake. Majani yaliyonyauka hupungua ukali wa ladha, lakini sumu hubaki, na mbuzi aliyeukwepa mti ukiwa hai anaweza kuyala yakiwa yamekauka. Si kuni za kupikia, si mishikaki ya kuchomea nyama, si miswaki. Hufukiwa katika shimo refu, na aliyezikata hunawa utomvu mikononi kabla ya kugusa macho au chakula.

Mbadala upo, ingawa hakuna unaolingana na oleanda kwa urahisi. Asumini na mawaridi havina sumu kwa mbwa, ila mbuzi watavipenda. Bogenvilia hujilinda kwa miiba, na miiba hiyo ndiyo hasara yake kubwa kwa pua ya mbwa. Kayaba, inayozungushiwa mashamba mengi ya Kenya, ina miiba mikali zaidi na matunda ambayo hata watu hula. Minyaa, inayojulikana sana Tanzania, haifai kuitwa salama, kwani utomvu wake huunguza macho na kinywa, lakini haumsimamishi mbwa moyo. Anayefikiria kuhamia kwenye sikadi, mimea ile inayofanana na mtende mfupi, ajue kwamba huko ni kubaya zaidi: mbegu zake huharibu ini, na mbwa huzila bila kulazimishwa. West Nile ina sikadi yake ya asili huko Moyo, Encephalartos macrostrobilus, iliyotambulishwa kwa sayansi mwaka 1997. Hiyo ni ya kuhifadhiwa ilipo, wala si ya kuletwa mlangoni.

Aliyeamua kuiondoa oleanda asiishie kwenye shina. Kisiki kilichoachwa ardhini huchipua tena, na mbegu zilizolala chini ya mti huota kwa mvua za kwanza. Kung'oa na mizizi ni rahisi mwezi wa Aprili, udongo ukiwa laini, na miche midogo itakayofuata hung'oka kwa mkono.